Dereva Anayetazama Nyuma

Kisiwani Mafia, ukitoka Kilindoni kwenda Utende, lami inakufikisha kwa kilometa zipatazo 14 bila kumtoa dereva jasho. Ufundi unaonekana kaskazini, kwenye vijia vya mchanga vinavyokatiza mashamba ya minazi upande wa Kanga na Bweni, kuelekea mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Hospitali ya wilaya iko huku Kilindoni, na mafundi wengi wako huku huku. Gari likilala porini, tegemeo lake la kwanza ni magari lililoongozana nayo.

Magari matatu yakiondoka pamoja, wageni humkodolea macho dereva wa mbele anavyozungusha usukani. Mimi hutazama anavyotumia kioo. Katika msafara wa watu wanaojua kazi, kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Akimkosa kiooni, anapunguza mwendo. Asipomwona bado, anasimama. Aliye mbele yake naye atamkosa, atasimama, hadi habari imfikie kiongozi bila simu wala honi. Penye njia panda dereva hakati kona mpaka wa nyuma amwone anakoelekea. Kanuni yenyewe unaielewa mara moja. Kuishika kutwa nzima, jua kali na abiria wanalalamika, ndiko kunakonifanya niwavulie kofia.

Kabla ya mchanga wanashuka kupunguza upepo. Tairi lililolegea hutandaza uzito wa gari mahali papana, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kisha linapita gari moja moja: la pili linangoja hadi la kwanza lifike penye ardhi ngumu, maana ukimfuata mwenzako unyounyo naye akakwama, utalazimika kusimama pale pale pabaya. Mchanga mkavu wa adhuhuri ni mtihani zaidi kuliko ule wenye umande wa alfajiri, ndiyo maana wanapenda kuondoka mapema.

Gari lenye nguvu na kamba huwekwa mwisho. Nilidhani ni heshima tu, kumbe kuna hesabu: aliyekwama huvutwa kwa urahisi zaidi kinyumenyume, kwenye alama za matairi yake alizokwisha kuzishindilia. Dereva mzuri akihisi magurudumu yanazunguka bure anaachia mafuta hapo hapo. Anayezidi kukanyaga anajichimbia shimo. Wanafukua kwanza, wanatandika makuti, ndipo wanafunga kamba kwenye chesisi, kamwe si kwenye bampa, na watu wote wanasogezwa mbali kuliko urefu wa kamba. Kamba iliyokatika, au chuma kilichong'oka nayo, huua. Hapo hata dereva mpole hupandisha sauti: “Jamani, tokeni hapo!”

Kuna vijana wanaotamani kukimbiza magari ufukweni maji yakitoka. Siwaungi mkono hata kidogo. Bahari ya Mafia hurudi bila kumngoja mtu, na fukwe za visiwa hivi ni mazalio ya kasa; mayai yako chini ya mchanga ule ule.

Wakati wa kurudi, kabla ya kugusa lami, wanasimama tena kujaza upepo, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami huchemka na kupasuka. Pampu ni moja. Aliyemaliza anaipeleka nyuma, anazima injini, anangoja.