Mgogoro Uko Wapi? Tahakiki Fupi ya Safari ya Joshua Slocum

Katika semina zetu kuna swali ambalo halikosi: mgogoro mkuu wa kazi hii ni upi? Asiyeweza kulijibu ajue maksi zimekwenda. Swali lenyewe si baya. Limetusaidia sana kuzisoma riwaya na tamthilia za kwetu, ambamo tabaka hugongana na tabaka na mwana hugongana na mzazi. Lakini hebu tulipeleke mahali pagumu kidogo: kwenye mashua yenye mtu mmoja, katikati ya Pasifiki, upepo mwema unavuma na usukani umefungwa kamba. Hapo nani atagombana na nani?

Mashua hiyo ni Spray, na mtu huyo ni Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada, nahodha wa merikebu za matanga ambaye riziki yake iliingiliwa na meli za mvuke. Alitoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, akafika Newport, Rhode Island, tarehe 27 Juni 1898, baada ya kwenda zaidi ya maili 46,000. Ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Spray ilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9 tu, na aliiunda upya kwa mikono yake mwenyewe. Kitabu chake, Sailing Alone Around the World, kilitoka mwaka 1900.

Makala haya hayakusudii kumsifu kwa ushujaa. Waliomsifu ni wengi. Tunataka kuchunguza jinsi anavyozisimulia siku ambazo hakuna kilichotokea. Kwa maoni yetu, hizo ndizo zinazokipa kitabu uzito wake.

Kwanza tutazame ugawaji wa muda. Slocum alihangaika katika mlango-bahari wa Magellan na maeneo yake tangu Februari hadi Aprili 1896. Hiyo ni kama miezi miwili, nasi tunapewa sura kadhaa: dhoruba, pepo zinazoporomoka kutoka milimani, wavamizi wa usiku. Kisha aliondoka kisiwa cha Juan Fernández tarehe 5 Mei, akafika Apia, Samoa, tarehe 16 Julai. Siku 72 bila kutia nanga popote! Nazo zinapita katika kurasa chache tu. Mhakiki mwenye haraka atasema: mnaona? Pasipo na mgogoro hapana la kusimulia.

Ati hapana? Tuzisome kurasa hizo taratibu. Mashua inajiendesha yenyewe. Nahodha anasoma vitabu, anapika, anashona, anaokota samaki warukao walioanguka sitahani usiku ili wawe kitoweo cha asubuhi. Saa yake ni ya bati, aliinunua kwa dola moja, na kadiri safari ilivyoendelea ilibaki bila mshale wa dakika. Kwa chombo cha namna hiyo hakuna baharia atakayejua longitudo. Basi anarudi kwenye njia ya kale: anapima umbali uliopo kati ya mwezi na jua, kisha anakaa kukokotoa.

Jibu linatoka la ajabu. Linamweka mamia ya maili mbali na pale ambapo, kwa makisio yake, mashua inapaswa kuwa. Mtu mwingine angebadilisha mwelekeo mara moja, kwani kitabu cha hesabu kimesema. Slocum anapima tena. Halafu anayachunguza majedwali yenyewe na kukuta kwamba kosa limo humo humo, katika tarakimu zilizochapishwa. Anaposahihisha, hesabu na makisio yake yanapishana kwa maili 5 tu.

Hebu msomaji apime tukio hili. Hakuna damu, hakuna wimbi, hakuna adui. Kuna mtu mmoja, penseli na ukurasa wenye kosa. Lakini mgogoro upo, tena mkubwa: kati ya maarifa yaliyomo katika maisha ya mtu na maarifa yenye mhuri wa kitabu. Angekubali kuelekezwa na kosa lile, pengine tusingekuwa na simulizi ya kuhakiki.

Pili, wahusika. Jina la kitabu linatuambia kwamba msimulizi yuko peke yake, lakini ukihesabu vizuri utaona chombo kimejaa. Mwanzoni mwa safari anamsemesha mwezi, na anatoa amri kwa sauti kama kwamba kuna mtu kwenye usukani. Kimya kinachomjibu ndicho kinachomkumbusha hali yake. Baada ya visiwa vya Azores, akiwa mgonjwa wa tumbo kwa jibini na matunda aliyokula, anamwona mtu mrefu ameshika usukani: rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus! Kunapokucha, Spray iko kwenye njia yake sawasawa. Hata buibui aliyetoka naye Boston anapewa nafasi, na pambano lake na buibui wa Tierra del Fuego linasimuliwa kama vita vya majemadari.

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika chombo cha futi 36 usemi huo si wa mafumbo. Mtu ametembea omo, amerudi tezi, amemaliza. Kilichobaki ni kushuka ngamani mwa nafsi yake. Slocum anashuka, ila kwa utani. Mkewe, Virginia, aliyesafiri naye miaka mingi katika merikebu, alifariki Buenos Aires mwaka 1884. Spray inapita huko huko, nasi hatupewi maombolezo. Tunadhani kelele za wale masahaba wa kubuni zinafunika kimya hicho.

Hata hivyo, tusimpambe mtu mpaka tukasahau upungufu wake. Ukarimu anaompa buibui, wenyeji wa Tierra del Fuego hawaupati. Anamwaga misumari midogo sitahani, wao wanapanda usiku miguu mitupu, wanapiga mayowe, naye anafyatua bunduki. Tukio hili limetungwa lichekeshe. Tuulize, nani anacheka? Sisi ambao pwani yetu nayo ilipita katika vitabu vya wasafiri wengi wa karne ile, tunajua ladha ya kicheko hicho. Wasamoa anawasimulia kwa heshima na mapenzi, hivyo uwezo alikuwa nao. Ni jambo la kutafakari kwamba sura hizi zenye mgogoro wa wazi kabisa, ule unaotafutwa kwenye semina, ndizo zinazomdogosha mwandishi. Kurasa za polepole, ambamo hakuna wa kumpiga risasi, zinamkuza.

Tunahitimisha hivi. Swali la mgogoro libaki, hatulifukuzi. Tunachoomba ni kwamba tusiligeuze kuwa jedwali lisilokaguliwa. Kazi ikikataa kuingia katika kisanduku tulichoichorea, tupime mara ya pili kabla ya kusema kazi ni dhaifu. Pengine hesabu yetu ndiyo yenye tarakimu mbovu. Wenzetu watakaotupinga wanakaribishwa. Wakisome kitabu kwanza, tena wasiruke zile siku 72.