Kuisoma Ramani ya Zamani ya Ugogo

Wengi wetu tulifundishwa kuitazama ramani kama kioo cha nchi: kilichomo kipo, na kisichomo hakipo. Imani hiyo yafaa ihojiwe. Ramani nayo ni maandishi. Ina mwandishi, ina lengo, na yako mambo iliyoyanyamazia.

Tuchukue ramani ya Ugogo ya kipimo cha 1:50,000, iliyochorwa kutokana na picha za angani kabla ya mwaka 1970. Sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Hapana budi tuisifu kwa uangalifu wake. Alama ndogo nyeusi za nyumba hazikujipanga kandokando ya barabara. Zimetawanyika, kila tembe mbali na mwenzake. Kijana aliyezaliwa baada ya Operesheni Dodoma na baada ya watu kuhamishiwa vijijini hadi 1976, hupata humo ushahidi wa jinsi babu zake walivyokaa.

Lakini kwa nini walikaa hivyo? Hapo ramani iko kimya. Mto wa msimu umechorwa kwa mstari wa vipande vipande, kana kwamba wakati wa kiangazi hauna faida; kumbe wenyeji walifukua mchanga wake wakapata maji yao na ya mifugo. Mahali palipoandikwa kuwa ni vichaka palikuwa malisho. Hata jina la Dodoma, linalosimuliwa kuwa limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani "imezama", ni herufi tupu lisipopata msimulizi.

Kudhani kwamba nafasi nyeupe ni nchi tupu kuliwahi kuleta hasara kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, katika nchi waliyoiona kuwa pori lenye watu wachache. Mvua haikutegemeka, na udongo ulikauka ukawa mgumu hata kuchimba karanga kukawa taabu. Mradi huo, pamoja na matawi yake ya Urambo na Nachingwea, uliachwa 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea.

Hatusemi ramani za zamani zitupwe. Twasema zisomwe pamoja na wazee. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake kwao, karatasi mkononi, waulize kila alama: nani alikaa hapa, alinywa maji wapi, alihama lini? Tukichelewa, alama zitabaki, lakini wa kuzitaja kwa majina hatakuwapo.