Heshima ya Mkato Ulionyooka

Mlango wa kabati ukikataa kufunga, lawama huangukia bawaba, sakafu au unyevu wa mbao. Mara nyingi kosa lilianza mapema zaidi, kwenye meza ya msumeno, kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Ndiyo maana fundi anayejua kuseti mashine yake namheshimu kuliko anayesifika kwa kukata haraka.

Msumeno wa meza wenye kitoroli una zaidi ya miaka mia moja. Mjerumani Wilhelm Altendorf aliubuni mjini Berlin mwaka 1906: ubao ukalazwa juu ya kitoroli, na kitoroli kikapita kando ya bladi. Tangu hapo unyoofu wa mkato hutegemea njia ya kitoroli, na njia hiyo lazima iende sambamba na bladi.

Kuhakiki usambamba huo ni kazi ya utulivu. Umeme huzimwa kabisa. Fundi hutia alama kwenye jino moja, hupima umbali wake hadi kitoroli likiwa mbele, kisha huizungusha bladi kwa mkono na kulipima jino lilelile likiwa nyuma. Kwa nini lilelile? Kwa sababu bladi yenyewe huweza kuwa na kombo kidogo, na jino moja likipimwa mara mbili, kombo hilo haliingii kwenye hesabu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mikato mitano, linaloonyesha kama ukingo wa kitoroli, ule ambao ubao huuegemea, una pembe mraba na bladi. Chukua kipande cha ubao wa MDF, tuseme mita 1 kwa mita 1. Kata upande mmoja, kigeuze ili upande uliokatwa uegemee ukingo wa kitoroli, kata wa pili, uendelee hivyo hadi wa nne. Mkato wa tano uurudie upande wa kwanza na kutoa ukanda mwembamba. Pima upana wa ukanda huo kwenye ncha zote mbili. Ukipata milimita 30.0 huku na 30.4 kule, tofauti ni 0.4. Kosa limejirundika mara nne, basi ligawe kwa nne: ukingo umekwenda kombo milimita 0.1 kwa kila mita. Jicho haliwezi kuliona hilo. Ubao wenyewe ndio unaotoa ushahidi, na mashine nzito ya chuma inasahihishwa kwa kugusa skrubu tu.

Yabaki mawili. Bladi ndogo ya mbele, inayozunguka kinyume cha ile kubwa, huchana uso wa chini wa melamini kwa kina cha milimita 1 au 2 ili usimeguke. Ikienda kando kidogo, ukingo wa ubao hutoka na mapengo. Na kisu kinachosimama nyuma ya bladi huzuia mbao kujifumba na kuibana bladi. Kikiondolewa, ubao unaweza kurushwa kwa nguvu umrudie fundi.

Kazi hii mteja haioni wala hailipii kwa jina lake, lakini kila droo inayoteleza bila kukwama imetoka humo. Mwenye karakana, usimkemee fundi aliyezima mashine ili apime. Na kijana anayejifunza, mpe kipimo mkononi kabla hujamdai mwendo.