Jina la Msanifu na Mikono ya Mafundi

Mjini Colombo, katika kisiwa cha Sri Lanka, palikuwa na nyumba iliyofumuliwa jiwe kwa jiwe. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Ena de Silva, msanii wa batiki, na mumewe Osmund. Kiwanja kilipouzwa, baada ya karibu nusu karne, mawe yake, nguzo, milango na vigae vilitiwa nambari, vikapelekwa Lunuganga karibu na Bentota, na huko nyumba ikasimamishwa upya na kufunguliwa mwaka 2016. Nambari huhifadhi mahali pa jiwe. Haisemi ni nani aliyelichonga. Ndiyo maana nyumba hiyo hadi leo hutajwa kwa majina mawili tu: la mwenyewe, Ena, na la msanifu wake, Geoffrey Bawa.

Bawa amesifiwa sana, na sifa hizo hakuziiba. Hata hivyo, wanaomsifu humweleza kana kwamba alikuwa mshairi aliyejifungia chumbani akatoka na diwani kamili. Kazi zake zenyewe zinashuhudia jambo jingine. Zilitoka katika ofisi ndogo yenye maadili yake na desturi zake za kazi, na hizo ndizo zinazostahili kuhakikiwa kabla ya kumtukuza mtu mmoja.

Bawa alizaliwa Colombo mwaka 1919. Alisoma fasihi ya Kiingereza Cambridge, kisha sheria London, akawa wakili. Mwaka 1948 alinunua Lunuganga, shamba la mpira lililoachwa kando ya ziwa, akitaka kuligeuza bustani. Hapo ndipo alipotambua kuwa fikra anazo, ila maarifa ya kujenga hana. Akarudi darasani, akafuzu usanifu mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 38, akajiunga na Edwards, Reid and Begg, ofisi iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Mtu aliyeichelewa kazi haoni haya kuuliza. Tabia hiyo ya kumuuliza mwashi, seremala na mfumaji ndiyo iliyokuja kuwa adabu ya ofisi nzima, na kila kilichofuata kilijengwa juu yake.

Adabu ya pili ilikuwa kusoma kabla ya kutunga. Ulrik Plesner, msanifu kijana kutoka Denmark, alifika kisiwani mwaka 1958 kufanya kazi na Minnette de Silva, kisha akaingia katika ofisi ya Bawa. Yeye pamoja na wasanii wa karibu na ofisi hiyo, akiwemo Barbara Sansoni, bingwa wa nguo za kufumwa kwa mkono, na mchoraji Laki Senanayake, walizunguka vijijini wakipima na kuchora nyumba kongwe, mahekalu na vibanda vya kupumzikia wasafiri. Sehemu ya kazi hiyo ilizaa kitabu kuhusu usanifu wa kisiwa hicho, kilichotolewa mwaka 1998 na Sansoni na Senanayake pamoja na mtafiti Ronald Lewcock. Mwanafunzi wa ushairi huhifadhi tungo za waliomtangulia hadi mizani ikakaa sikioni mwake, ndipo athubutu kufungua kinywa. Ofisi hii iliwataka watu wake wafanye vivyo hivyo kwa macho na kwa futi ya kupimia.

Adabu ya tatu ilitokana na uhaba. Katika miaka ya 1960 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na serikali ikabana uingizaji wa bidhaa. Chuma na vioo havikupatikana kwa urahisi. Ofisi nyingine ingekaa ikisubiri meli. Hii iligeukia udongo, mbao, mawe na chokaa, na watu waliojua kuvitumia. Paa ni mfano mzuri: vigae vya udongo vya nusu duara vililazwa juu ya mabati ya saruji yenye mikunjo, hivyo kipya kikazuia mvua na cha kale kikaleta ubaridi na sura. Aliyetunga kwa vina anaielewa hali hiyo. Anaponyimwa neno alilolitaka, hutafuta jingine, na aghalabu hilo la pili ndilo linaloubeba ubeti.

Nyumba ya Ena ndiyo zao safi la adabu zote tatu. Kwa njiani ilionesha ukuta tu. Ndani, vyumba vilizunguka ua mpana ulio wazi juu, wenye mti na kivuli, na nguzo za mbao zilisimama juu ya misingi ya mawe zikibeba paa lililoshuka chini kuukinga ukumbi na mvua. Mtu aliyekulia katika nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji mkalimani hapo. Ataujua ukuta unaoficha, ua unaofunua, na kivuli kilichopangwa kwa makusudi kama samani. Ubora wa nyumba hiyo hauko katika umbo peke yake. Uko katika kuonekana kwa mikono: patasi ya seremala kwenye nguzo, mpangilio wa mawe sakafuni, namna kigae kinavyokikalia kigae. Msanifu hakuificha kazi ya fundi chini ya lipu. Aliiacha iseme.

Michoro ya ofisi hiyo nayo ina fundisho. Chini ya mkono wa Senanayake na wenzake, mti uliomo uani ulichorwa jani kwa jani, kwa uangalifu uleule uliopewa ukuta. Baadhi ya michoro iliyopata umaarufu ilichorwa baada ya jengo kukamilika, kwa kuwa uamuzi mwingi ulifanywa kiwanjani, msanifu akielekeza na fundi akijibu. Katika utaratibu huo ramani haikuwa amri. Ilikuwa kumbukumbu ya mazungumzo.

Hapo ndipo kasoro inapojitokeza, nayo si ndogo. Ofisi iliyotunga kwa mazungumzo ilikuja kukumbukwa kwa sauti moja. Plesner aliondoka mwaka 1967, na katika kitabu chake cha mwaka 2012 alizieleza kazi za miaka hiyo kuwa ni kazi za ushirika. K. Poologasundram, mhandisi aliyekuwa mshirika wa Bawa kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, hutajwa na wataalamu, na mara chache hutajwa na wengine. Waashi na maseremala hawatajwi kabisa.

Mbele yao wote alikuwapo Minnette de Silva. Mwaka 1948 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiasia kukubaliwa katika taasisi ya kifalme ya wasanifu wa Uingereza. Akiwa na ofisi yake ndogo mjini Kandy, alijenga nyumba ya Karunaratne, iliyokamilika mwaka 1951, akiwaingiza wafumaji wa mikeka, wafinyanzi na mafundi wa rangi za asili ndani ya jengo la kisasa. Alifanya hivyo miaka kadhaa kabla Bawa hajafuzu. Alifariki mwaka 1998 bila hata nusu ya umaarufu aliopata jirani yake. Kumtaja hapa si kumpunguzia Bawa. Ni kuiweka beti ya kwanza mahali pake.

Mtetezi wa Bawa anaweza kusema kwamba jina moja ni lazima, kwa kuwa kazi isiyo na msimamizi mmoja husambaratika. Hoja hiyo ina uzito, na jengo la Bunge la Sri Lanka huko Kotte huitia nguvu. Lilianza kusanifiwa mwaka 1979 na kufunguliwa mwaka 1982, likajengwa katikati ya ziwa na kampuni kubwa ya Kijapani, kwa kasi isiyompa fundi nafasi ya kujibizana na msanifu. Mapaa yake ya shaba yana haiba kubwa yanapotazamwa kutoka ng'ambo ya maji, na bila jicho moja lililoyaongoza yasingekuwa na utulivu ule. Lakini ndani yake, kinachoupa moyo joto ni taa kubwa ya fedha aliyoibuni Senanayake kwa umbo la makuti na bendera za batiki za Ena de Silva. Hata kazi ilipoizidi ofisi kimo, iliokolewa na tabia iliyojengeka ilipokuwa ndogo. Uongozi wa mmoja ni jambo moja. Umiliki wa sifa ni jambo jingine.

Ushairi wa pwani ulikwisha kuitatua mushkili hii zamani. Katika takhmisa, mshairi huzichukua mishororo ya mwenzake, akaitangulizia yake mitatu, na ubeti ukawa wa watano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipozifanyia takhmisa beti zinazonasibishwa na Liyongo, hakuna aliyemdhania kuwa amemfuta Liyongo, wala hakuna anayesema kwamba yeye Sayyid Abdalla hakutunga kitu. Majina mawili yanakaa katika ubeti mmoja na hayasongamani. Na mshairi huyohuyo, katika Al-Inkishafi, aliyalilia majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Wenye majumba wanaliliwa. Waliozichonga zidaka hawamo. Kalamu iliyojua kumhifadhi mtunzi mwenziwe haikumfikia fundi, na kimya hicho kimeendelea. Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu huweza kubeba mwaka, aya tukufu, hata jina la mwenye nyumba. Jina la mchongaji ni nadra kuonekana.

Basi hukumu juu ya ofisi ya Bawa haina budi kuwa na pande mbili. Katika kuuliza, kusoma na kuishi na uhaba, ilikuwa shule ambayo wasanifu wa visiwa vyote vya Bahari ya Hindi wangefaidika kuketi chini yake. Katika kutia saini, wapokezi wake walifuata desturi ya dunia, wakalitoa jina moja na kuyameza mengine. Nyumba ya Ena ilipohamishwa, mafundi wa zama nyingine waliinua tena kila jiwe na kulirudisha pale lilipowekwa na fundi wa kwanza. Walilazimika kumfuata fundi huyo kwa utiifu, nambari kwa nambari, kama mtu afanyavyo takhmisa. Walimjua kwa kazi yake. Kilichosalia ni jina.