Kostime ya Sutenansi na Bei ya Uungwana

Msimu wa sutenansi umefika tena. Ukipita mbele ya oditwari unasikia ulizo moja kila siku: "Utavaa nini?" Ulizo la "Umeandika nini?" linakuja nyuma, na mara nyingine halikuji kabisa. Mutu amefanya mwaka muzima akiandika TFC juu ya kilimo cha mpunga, lakini siku ya kuitetea kitu watu watakachobeba kwenda nacho nyumbani ni rangi ya viatu vyake.

Wakati huo huo, ndani ya telefone zetu zinapita picha za basapere: kostime ya waridi, kofia nyekundu, sigara mdomoni, barabara ya vumbi nyuma. Tunapenda picha hizo, tunaandika chini yake "sanaa", "heshima", "fahari ya Mukongo". Sawa. Kama ni sanaa, basi tuipime namna tunavyopima kitabu ao muziki: inasema nini, inasema vizuri wapi, na inadanganya wapi.

Kasongo haina butiki ya Versace wala ya J.M. Weston. Kabambare vilevile. Nguo nyingi za kizungu zinafika kwetu ndani ya balo, zimefungwa kamba, zimevaliwa na mutu mwingine mbele. Hata hivyo kijana wa hapa anajua majina ya grifi, ndiyo kusema majina ya mafundi wakubwa yaliyoshonwa ndani ya kola. Ameyasikia kwanza ndani ya muziki. Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949, kule Sankuru kwa majirani zetu, alianzisha Viva la Musica mwaka 1977 mjini Kinshasa. Kutoka hapo muziki na mavazi vikatembea pamoja, na majina ya washonaji wa Paris, Milano na Tokyo yakafika hata pahali ambapo lori linafika kwa shida.

Tukumbuke wakati ule ulikuwa namna gani. Mobutu alikuwa amekataza kostime na kravati. Mwanaume wa heshima alipaswa kuvaa abacost. Ruhusa ya kravati ilirudi mwaka 1990, pamoja na ruhusa ya vyama vingi. Kwa hiyo kijana aliyetembea Matonge na koti la Ulaya hakuwa anajionyesha bure. Alikuwa anasema bila kufungua mdomo kwamba mwili wake si mali ya chama. Hapo La Sape ilikuwa na nguvu ya kweli, na mutu akiicheka leo bila kujua habari hiyo anacheka kitu asichokifahamu.

Lakini picha tunazozipenda zina hila yake. Nyingi zinafuata mfano wa kitabu cha Daniele Tamagni, mpiga picha Mwitaliano, kinachoitwa Gentlemen of Bacongo, cha mwaka 2009. Bacongo ni mtaa wa Brazzaville. Paul Smith, fundi mkubwa wa mavazi wa Uingereza, aliandika utangulizi wake, kisha akachota rangi zile kwa nguo zake za wanawake za mwaka 2010. Ni picha nzuri, sikatai. Ila jaribu kitu kimoja: ondoa vumbi. Mchukue yule bwana wa kostime ya waridi, umsimamishe mbele ya maduka ya Paris. Anabaki nini? Mutu mwenye kostime nzuri kati ya watu wenye kostime nzuri. Kwa hiyo kinachofanya picha ingae ni umaskini wa barabara. Vumbi letu linafanya kazi ya taa, na halilipwi. Feza inaenda kwa mwenye kuuza kitabu na kwa mwenye kuuza koti.

Na bei? Picha haionyeshi bei. Ndani ya La Sape watu wanaazimana nguo na kukodishana. Mutu anaweza kung'aa siku ya mungu na siku ya kwanza akarudisha koti kwa mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa wengine bei ilikuwa kali zaidi ya hiyo. Ili kufikia grifi ilibidi kufika Ulaya, na njia ya kufika haikuwa safi kila mara. Papa Wemba mwenyewe alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka 2004 mahakama ikamkuta na hatia ya kusaidia watu kuingia bila haki, wakipitishwa kama wanamuziki. Sitaji hayo ili kumchafua marehemu, aliyeanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 akiwa kazini mpaka dakika ya mwisho. Nayataja sababu ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukisifu koti, hesabu pia safari ya koti.

Sisi wa Kasongo tulipaswa kufahamu hesabu hiyo kuliko wengine. Anasa ya mavazi ilikuwa hapa mbele ya La Sape, mbele hata ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alikaa Kasongo, na msafara uliopita Kabambare kutoka ziwa Tanganyika ulileta merikani, kaniki, shanga na kanzu. Nguo ilikuwa feza: watu walihesabu kwa shuka na kwa doti. Askari wa Dhanis walipoiteka Kasongo, Aprili 1893, daktari wao Hinde aliandika kwa mshangao juu ya vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na bustani alizozikuta. Mjini kwetu, mbali na bahari, hariri! Mutu anaweza kujivuna.

Aulize lakini ililipwa na nini. Ililipwa na pembe za tembo, na na watu waliobebeshwa pembe hizo, kisha wakauzwa wao wenyewe. Nguo ilikuwa alama: muungwana alivaa kanzu na kofia, mtumwa alibaki na kitambaa kiunoni. Ndiyo maana lugha yetu ikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Jina hilo tunalibeba mpaka leo, na ndani yake kuna ulizo la nguo: nani anahesabiwa kuwa mutu?

Hadisi haikuisha hapo. Kule Unguja, utumwa ulipofutwa mwaka 1897, waliokuwa watumwa walitupa kaniki zao, wakaanza kuvaa kanga, kanzu na kofia. Walichukua alama ya bwana wakaifanya yao. Kwangu mimi hii ndiyo sape ya kwanza ya Waswahili, na ni kubwa kuliko ile ya picha. Yule aliyekatazwa kofia akivaa kofia, kuna kitu kinabadilika kweli. Lakini sisi nani ametukataza kuvaa Versace? Hakuna. Tunakosa feza tu, na kukosa feza si sawa na kukatazwa. Ukivunja katazo unapata uhuru kidogo. Ukijikaza kununua usichoweza, unapata deni.

Je, tuseme La Sape ni bure? Hapana. Sehemu yake iliyo bora ni ile isiyouzwa. Basapere wana kanuni yao: rangi zisipite tatu kwa mara moja. Wana namna ya kutembea, ya kusimama, ya kusalimia, na wengi wao wanasema sapere hapigani. Hiyo ni elimu ya jicho na ya tabia, na mutu anaweza kuwa nayo akiwa na koti la balo. Grifi ni kazi ya fundi mwingine, aliyekaa mbali, ambaye umemlipa ili ubebe jina lake. Kupanga rangi ni kazi yako. Kijana aliyechagua koti sokoni, akampelekea fundi wa Kasongo apunguze mabega na kugeuza kola, ameweka akili nyingi ndani ya nguo kuliko mwenye kuagiza kitu tayari kutoka Dubai. Kama mpimaji, mimi ninampa huyo pointi nyingi.

Halafu picha zinasahau wanawake, angalau hizi tunazotumiana. Anasa ya mama zetu ni kikwembe. Waksi ya Vlisco inatengenezwa Helmond, Uholanzi, na kampuni iliyoanza mwaka 1846, ikiiga batiki za Java. Kusema kweli nayo ni ya kigeni sawa na kostime ya Paris. Lakini tazama mama anavyoifanya. Anasoma maandishi ya pembeni ili asidanganywe. Anaikunja ndani ya sanduku bila kuishona. Shida ikifika anaiuza, binti akiolewa anaikata na kumpa. Kikwembe kikifika kwa fundi, kinashonwa hapa, na mkono wa hapa unalipwa. Mama anapendeza na anaweka akiba kwa wakati mmoja. Hilo sijaliona ndani ya kostime inayovaliwa mara moja na kutundikwa.

Narudi kwa sutenansi, sababu hapo ndipo inatuuma. Kijana anatoka Kabambare, wazazi wameuza mbuzi kwa masomo, sasa wanatafuta mbuzi mwingine kwa kostime, viatu, na vinywaji vya wageni. Kaka yake anaenda kuchimba dhahabu Namoya ao Salamabila ili atume kitu. Hakuna kanuni ya masomo inayotaka koti la bei hiyo. Tunalitaka sisi kwa sisi, kwa macho yetu na kwa midomo yetu. Msafara ule wa zamani umegeuka: sasa mbuzi na dhahabu ya Kabambare vinateremka ili mutu mmoja aonekane muungwana saa mbili mbele ya jiri.

Pendekezo langu ni dogo. Kila promosyoni ikubaliane mapema kitambaa kimoja cha bei ya kawaida, na mafundi wa mji wakishone, wanaume kwa wanawake. Mwenye kutaka kuonyesha ujuzi, auonyeshe ndani ya mshono, rangi na namna ya kusimama. Na sisi tunaoenda kusikiliza, tukitoka tuulizane kwanza juu ya kazi: alisema nini juu ya ule mpunga, na kwa nini mavuno yalipungua? Kisha tuongee viatu. Viatu havitakimbia.