Mrija Ulioziba au Mrija Ulioumia?

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokwisha kuzoeleka katika vitabu, vipeperushi na mazungumzo ya zahanati ni "kuziba kwa mirija". Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki istilahi hiyo, na kuonyesha kwamba inaficha nusu ya jambo inalodai kulieleza.

Neno mrija lenyewe halina kosa. Mataifa mengi huviita viungo hivi kwa jina la Gabriele Falloppio, tabibu wa Italia aliyevieleza katika kitabu chake cha mwaka 1561. Nasi tunayo "mirija ya falopia". Jina hilo humtukuza mgunduzi, lakini halimwelezi msomaji lolote. "Mirija ya uzazi" ni bora, maana hutaja kazi.

Kasoro huanza tunapoongeza kitenzi kuziba. Tuchukue mfano wa msomaji wa Chonyonyo, wilayani Karagwe. Mkoani Kagera pombe ya ndizi imezoeleka kunywewa kwa mrija kutoka kibuyuni. Mrija ukiziba, mnywaji huupuliza, au huutupa akachukua mwingine. Msomaji huyo akiambiwa kwamba mirija ya mkewe imeziba, ana haki ya kudhani kuwa liko jambo dogo la kuzibua. Wauzaji wa dawa za "kuzibua mirija" hawana haja ya kumshawishi zaidi. Istilahi yetu imekwisha kuwafanyia kazi hiyo.

Mrija wa uzazi si bomba tupu. Una urefu wa sentimita 10 hivi. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno ambavyo, pamoja na misuli ya ukuta wake, hulisukuma yai kuelekea mji wa mimba. Na humo ndimo yai hukutana na mbegu ya mwanamume. Mrija huumizwa na kisonono au klamidia isiyotibiwa, na maambukizo baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na kidole tumbo kilichopasuka, au na upasuaji. Jeraha huacha kovu, na kovu lina matokeo ya miaka mingi. Mrija waweza kuziba kabisa. Waweza kujaa maji. Waweza kushikamana na viungo vya jirani, mwanamke akawa na maumivu ya tumbo la chini yasiyokwisha. Tena waweza kubaki wazi, ila vinyweleo vimeharibika. Yai lililokutana na mbegu likakwama njiani, na mimba ikatunga humo humo.

Hili la mwisho ndilo la hatari kupita yote, nalo istilahi yetu hailigusi. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mirija yake haikuziba huamini kuwa amepona. Kumbe mimba ijayo yaweza kuupasua mrija na kumwaga damu tumboni. Kwa aishiye mbali na chumba cha upasuaji, saa chache huamua uhai au kifo.

Hata jina la hali hiyo, "mimba nje ya kizazi", lina utata. Kizazi kwa wengine ni mji wa mimba, kwa wengine ni viungo vyote vya uzazi, na kwa wengine ni watu wa rika moja. Tukisema "mimba nje ya mji wa mimba", na inapothibitika "mimba ya mrijani", shaka itaondoka.

Kisha huja hukumu: tasa, mgumba. Hayo ni majina ya mtu, si ya ugonjwa. Mwenye mrija mmoja ulioumia aweza kuzaa kwa ule wa pili; na si mara chache sababu hutoka kwa mume.

Kwa hiyo tunapendekeza "jeraha la mrija wa uzazi" liwe istilahi kuu, na chini yake ziwekwe "kovu la mrija", "kuziba kwa mrija" na "mrija uliojaa maji". Wako watakaosema kwamba watu wamekwisha kuzoea kuziba. Ni kweli, wala hatutaki neno hilo lifutwe. Tunataka lirudi mahali pake, yaani tokeo moja miongoni mwa mengi.