Ngumi Mbili Juu ya Machweo

Tarehe 21 Desemba 2020, sayari za Mshtarii na Zohali zilikaribiana angani hadi zikabakiza nyuzi 0.1 tu, kama moja ya tano ya upana wa Mwezi mpevu. Aliyekuwa akianza kutazama anga akiwa Kibaoni, Ifakara, hakuhitaji darubini ili kuzipata. Alihitaji kukumbuka mahali Jua lilipozama.

Sayari hazitangitangi angani. Hufuata njia ileile, au karibu nayo, inayopitiwa na Jua. Desemba, Jua huzama kusini kidogo ya magharibi, upande wa Bonde la Kilombero kuelekea Chita na Mlimba, ambako upeo uko wazi kuliko upande wa milima ya Udzungwa. Siku ile, ilipofika saa 1 na robo usiku, aliyenyoosha mkono mbele akapanga ngumi mbili kutoka upeo wa macho angezifikia: ngumi moja ni takriban nyuzi 10. Kabla ya saa 3 zilikuwa zimezama.

Kipi ni kipi? Mshtarii iling'aa zaidi ya mara kumi kuliko jirani yake. Ujirani wenyewe ulikuwa wa machoni tu, maana Zohali ilikuwa zaidi ya kilomita milioni 700 nyuma yake. Aliyeanza kutazama mapema Novemba alifaidi zaidi, kwani wakati huo zilitengana kwa nusu ngumi, na pengo likapungua wiki hadi wiki. Kusogea huko ndio ushahidi ninaouamini kwamba kinachong'aa ni sayari, si nyota. Wengi hufundishwa kwamba sayari hazimetimeti, lakini karibu na upeo, penye hewa nyingi na joto, hata sayari humetameta.

Bonde la Kilombero lina bahati nyingine. Liko nyuzi 8 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo njia hiyo ya Jua husimama wima jioni, haipungui nyuzi 58 hivi kutoka upeo. London, jioni za Septemba, njia hiyo hulala kwa nyuzi 15 tu. Ndiyo maana Utaridi, ambayo haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 28, huku inaweza kuonekana juu vizuri giza likianza kuingia. Nafasi nzuri kabisa huangukia Agosti na Septemba katika miaka ambayo sayari hiyo iko upande wa jioni miezi hiyo. Shida ni moshi wa nyasi na mashamba yanayochomwa kiangazi. Subiri siku yenye upepo, usimame mahali pasipo miti upande wa magharibi, na uanze kutafuta nusu saa baada ya Jua kuzama.